Kuacha Kibarua Kabla ya Muda Wake: Shauri kwa Aliyeitwa Kwingine

Miongoni mwa maswali wanayotuletea wasomaji wetu wa Meru na Embu, liko moja lisilokoma kurudi, nalo huzidi kurudi katika miezi ambayo viazi vya Kibirichia na Timau, ndizi za Imenti na ndengu za Tharaka humiminika katika soko la Gakoromone, na kila mwenye ghala huwa anatafuta mikono ya ziada: mtu ameshika kazi ya muda, mkataba wake haujaisha, na mara ameitwa kwingine kwa ujira ulio bora, je, aende au abaki? Anayeuliza leo ni binti anayepima nafaka dukani kwa mshahara wa mwezi, kesho ni kijana wa mkataba wa miezi sita katika shamba la maua huko Timau, keshokutwa ni mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, au karani wa msimu katika kiwanda cha chai upande wa juu wa Embu. Hali zao ni mbalimbali, lakini makosa yao yanafanana mno, na kwa sababu hiyo nimeona niyaweke mahali pamoja yale ambayo ningemwambia kila mmoja wao kama angekuja kuniuliza ana kwa ana.

Rai yangu naitanguliza, ili asiye na wasaa wa kusoma hadi mwisho asiikose. Kuacha kazi ya muda kabla ya mwisho wake si hiana wala si aibu, maadamu sheria yenyewe imeweka njia ya kutokea. Yanayowatia watu hasarani ni mambo mawili, kuacha kabla ya kushika ithibati ya kazi mpya, na kuondoka pasipo kuaga. Ayaepukaye hayo mawili huwa na pa kusimama hata kama kazi mpya itamgeuka.

## Ijue kwanza kazi unayoiacha

Kabla hujaipamba kazi mpya moyoni mwako, itoe karatasi ya kazi ya zamani na kuisoma mpaka neno la mwisho, kwa kuwa wengi hutia sahihi siku ya kwanza kwa furaha ya kupata na wasiitazame tena. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haimfungi kila mtumishi kwa muda mmoja. Hutazama namna unavyolipwa, wala haijali jina ambalo mwajiri wako hukuita.

- Ukilipwa kwa siku, kila upande waweza kuumaliza mkataba jioni ya siku yoyote bila notisi.
- Ukilipwa kwa juma au kwa majuma mawili, notisi ni muda ulio sawa na ule wa malipo.
- Ukilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, na ni lazima iwe kwa maandishi.
- Ukiwa ungali katika muda wa majaribio, ambao haupaswi kupita miezi 6 pasipo ridhaa yako, notisi ni siku 7.
- Mkataba ukitaja notisi iliyo ndefu kuliko hizi, hiyo ndefu ndiyo inayokufunga.

Hapa pana kosa ambalo vibarua wa sokoni hulifanya kwa wingi. Mtu amekuwa akipakia magunia kwa tajiri mmoja tangu Krismasi, analipwa kila jioni, naye hudhani kwamba yeye ni wa siku moja moja daima, aweza kutoweka kesho na tajiri aweza kumfukuza leo. Hasha. Aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, sheria hiyo hiyo humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, akawa na haki ya kupewa notisi ya siku 28 na taklifu ya kuitoa. Wengi hufurahi kusikia nusu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Na ikiwa karatasi yako inataja tarehe ya mwisho, tuseme tarehe 31 Desemba, na haisemi lolote juu ya kutoka mapema, usijibunie mwenyewe njia ya kutokea. Mwendee mwajiri, mkubaliane tarehe, na makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi na nyote wawili. Asiye na karatasi kabisa naye asijidhani huru: mkataba wa miezi 3 au zaidi hupasa kuandikwa, na dhima ya kuuandika ni ya mwajiri, lakini kukosekana kwa karatasi hakuifuti notisi.

## Kuitwa si kuajiriwa

Simu imelia saa mbili usiku, na sauti ya upande wa pili imesema, "Njoo uanze Jumatatu, mshahara ni elfu ishirini na mbili." Asubuhi yake mtu ameurudisha ufunguo wa duka na kuwaaga wenzake. Jumatatu amefika akaambiwa meneja amesafiri, au nafasi imepewa mwingine, au kwamba elfu ishirini na mbili ni kwa wale waliomaliza miezi sita. Huyo sasa hana kazi ya kale wala mpya, na mwajiri wake wa kwanza amekwisha kumweka mtu mahali pake, kwani Gakoromone hakukosi mtu wa kushika mizani kwa saa moja.

Wazee wetu walionya tusiache mbachao kwa msala upitao, na wako wasomaji wanaoutumia usemi huo kujizuia wasiondoke kamwe. Mimi nauelewa kuwa unamkanya anayeuacha mkeka alioukalia kwa ajili ya ule anaouona tu ukipitishwa njiani. Msala uliokwisha kutandikwa na kupewa wewe haupiti tena. Basi shughuli yako ni kuhakikisha umetandikwa, na ithibati yake ni barua yenye mambo haya:

1. Jina la mwajiri na mahali pa kazi.
2. Kazi utakayoifanya.
3. Mshahara kabla ya makato, na posho kama ipo, kila moja peke yake.
4. Tarehe ya kuanza.
5. Muda wa mkataba, na muda wa majaribio ndani yake.
6. Sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kuajiri.

"Lakini nikidai barua wataniona mjuaji, nao watamchukua mwingine." Shaka hii naifahamu, wala siidharau, maana asiye na kazi ya uhakika huogopa hata kuuliza. Lakini fikiri: mwajiri aliye tayari kukulipa kila mwezi kwa miaka miwili, atashindwaje kuandika mistari sita? Waweza kuomba kwa adabu, useme, "Nashukuru sana kwa nafasi hii, nami naitaka. Niko chini ya mkataba hapa nilipo, naomba barua ili nitoe notisi kwa haki." Mwajiri mwenye insafu atakuona mtu anayeheshimu mikataba, na huo ni ushahidi mwema juu yako kabla hujaanza kazi. Anayekasirika kwa ombi kama hilo amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyoupokea ulizo lako la mshahara uliochelewa.

Ziko dalili ambazo zikionekana, usiache hata nusu siku ya kibarua chako:

- Unaombwa kutuma fedha kwa M-Pesa, ziwe za fomu, za sare, za mafunzo au za "kushikilia nafasi".
- Unahimizwa uamue leo leo, na kila ukiuliza swali unajibiwa kwamba wako wengine mia wanaosubiri.
- Anayekuajiri hana ofisi ambayo ndugu yako aweza kuifikia na kuitazama kwa macho yake.
- Kazi iko Uarabuni, nawe hujaliona jina la wakala katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira (NEA).

Juu ya hili la mwisho naomba nisikilizwe vema. Safari ya Saudia au Qatar haina tarehe mpaka itakapokuwa nayo: kuna kupimwa afya, kuna pasi, kuna viza, kuna mkataba, na kila hatua yaweza kuchelewa majuma au miezi. Wako mabinti walioacha kazi siku ya kupimwa afya, wakakaa nyumbani miezi kadhaa wakila akiba waliyodhani ni ya safari. Endelea na kibarua chako mpaka viza, tikiti na mkataba uliotiwa sahihi viwe mikononi mwako.

Jiulize pia fedha za mwajiri mpya zinatoka wapi. Watu wa Igembe hawahitaji kufundishwa somo hili: Machi 2020 Somalia ilifunga njia ya miraa, na mpaka Julai 2022 ndipo ndege zikaanza tena kuipeleka. Aliyekuwa ameacha kazi nyingine mwezi Februari mwaka ule ili akafunge miraa ya kusafirishwa kwa ujira mnono, hakudanganywa na mtu. Ujira wake ulitegemea soko moja, na soko hilo likafungwa. Mwajiri mwenye mteja mmoja au zabuni moja aweza kuwa mtu mwema kabisa na bado asiweze kukulipa.

## Hesabu ya mwezi na hesabu ya muda

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo uamuzi hasa unapofanyika, na ndipo watu wengi huharakisha. Mtu hulinganisha mshahara na mshahara, akaona 22,000 ni zaidi ya 15,000, akafunga shanta. Mishahara hailinganishwi hivyo. Kinacholinganishwa ni kile kinachobaki mkononi, kisha ni kwa miezi mingapi kitabaki.

Tuchukue mfano wa kijana anayelala kwao Kaaga na kutembea kwa miguu mpaka dukani Gakoromone, kwa Sh15,000 kwa mwezi, mkataba wake ukiwa umebakiza miezi minne. Ameitwa kwenye ghala Nairobi, Sh22,000, mkataba wa miaka miwili. Makato ya lazima ni haya: bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5, na akiba ya NSSF asilimia 6.

Akibaki Meru:

- Mshahara baada ya makato: takriban Sh13,460
- Mchango wa chakula nyumbani: Sh4,000
- Chakula cha mchana, siku 26 kwa Sh80: Sh2,080
- Kinachobaki: takriban Sh7,380

Akienda Nairobi:

- Mshahara baada ya makato: Sh19,745
- Kodi ya chumba: Sh6,000
- Matatu kwenda na kurudi, siku 26 kwa Sh100: Sh2,600
- Chakula cha mchana, siku 26 kwa Sh100: Sh2,600
- Chakula cha nyumbani, gesi na maji: Sh4,500
- Kinachobaki: Sh4,045

Mtu akiishia hapa atasema, basi abaki, kwani mshahara mkubwa umemwachia kidogo kuliko mdogo. Lakini Meru imebakiza miezi minne tu, na miezi minne ya Sh7,380 ni Sh29,520, kisha mlango unafungwa. Nairobi ni miezi 24, nayo kwa Sh4,045 ni Sh97,080; toa Sh12,000 za kuhama, yaani nauli, godoro, jiko na amana ya chumba, zikabaki Sh85,080. Hesabu ya mwezi ilimwambia abaki, hesabu ya muda inamwambia aende.

Hata hivyo hajamaliza. Miaka miwili ile itaanza kwa majaribio, na katika majaribio mwajiri aweza kumwondoa kwa notisi ya siku 7. Kwa hiyo ajiulize maswali mawili zaidi. Je, zile Sh12,000 za kuhama anazo, au atazikopa kwa riba itakayokula kile kidogo kinachobaki? Na je, akiondolewa mwezi wa tatu, ana nauli ya kurudi na chakula cha mwezi mmoja? Akijibu ndiyo yote mawili, aende kwa amani. Akijibu hapana, si kwamba asiende kabisa. Aiombe kazi mpya imngoje mpaka aweke akiba ya mshahara mmoja mwingine, kisha aende.

Andika hesabu yako mwenyewe kwa kalamu, kwa bei za kwenu. Yangu ni mfano, na kodi ya Embu mjini si kodi ya Nairobi.

## Ni lini iwe afadhali kumaliza

Sitaki msomaji adhani kwamba hesabu ya muda humwambia kila mtu aondoke. Ziko hali ambazo, kwa rai yangu, kungoja ni bora.

Ya kwanza ni pale ulipobakiza muda usioizidi sana notisi yenyewe. Kama mkataba unaisha baada ya majuma matano nawe una notisi ya siku 28, unagombana na mwajiri kwa sababu ya siku saba. Maliza.

Ya pili ni pale kazi mpya ilipo fupi kuliko salio la ile uliyonayo. Walimu wa bodi za shule huingia mtego huu kila inapotangazwa kazi ya serikali ya msimu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilianza usiku wa tarehe 24 Agosti ikaisha tarehe 31. Malipo yalikuwa ya kutamanika, lakini muhula wa shule haukumngoja mtu. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na maswali haya haya yatarudi. Kwa kazi za namna hiyo usiombe kuacha, omba ruhusa: mwendee mwalimu mkuu mapema, uje na jina la mwenzako atakayeshika vipindi vyako, na ujibiwe kwa maandishi.

Ya tatu ni pale panapo njia ya dhahiri ya kuingia kazi ya kudumu. Maelfu ya walimu wanagenzi wa Sekondari Msingi walivumilia posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, mkataba wao ukarefushwa, wakagoma mwaka 2024, na Januari 2025 wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Mwanagenzi ambaye angeondoka miezi miwili kabla ya hapo kwa nyongeza ya elfu tano katika shule ya binafsi, angeacha mengi kwa machache. Lakini tofautisha ahadi na ahadi. Ile ilikuwa imetajwa hadharani na kuombewa fedha katika bajeti. Neno la tajiri, "Vumilia, nitakufikiria mwakani," si njia ya kudumu, ni jamala tu, na mwenye jukumu la watoto asilale juu yake.

## Namna ya kuaga

Barua ya kazi mpya ikiwa mkononi, na hesabu ikiwa imekubali, sasa aga. Na uage kwa utaratibu huu.

1. Mwambie mwajiri mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Gakoromone habari haipiti usiku mmoja bila kufika, na hakuna kinachomuudhi mwenye duka kama kusikia kwa muuza viazi wa jirani kwamba karani wake anahama. Mwendee jioni, wateja wakiisha, useme maneno machache: "Mama, nimekuja kukueleza jambo kabla halijasikika kwingine. Nimepata kazi nyingine, na ninakuletea notisi ya siku 28 kama inavyotakiwa."

2. Siku hiyo hiyo mwambie aliyekupeleka kazini. Kazi nyingi kwetu hupatikana kwa mkono wa mjomba, wa jirani au wa mzee wa kanisa, aliyekwenda kusema, "Huyu ni mtoto wangu, mwamini." Ukitoroka, lawama zitamwangukia yeye, na mtoto wa pili atakayempeleka hatapokewa. Jambo hili vijana wengi hawalihesabu, nami naliona zito kuliko fedha.

3. Toa barua, nakala mbili. Moja abaki nayo, ya pili akutilie sahihi na tarehe ya kuipokea. Iwe fupi, bila manung'uniko:

"Nimefanya kazi hapa kama karani wa duka tangu tarehe 3 Machi. Kwa barua hii natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi, kuanzia leo tarehe 1 Septemba. Siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe 29 Septemba. Kabla ya siku hiyo nitakabidhi funguo, daftari na fedha zilizo chini yangu. Nakushukuru kwa nafasi uliyonipa."

4. Kazi mpya ipe tarehe inayowezekana. Aliyeandika barua ile asiahidi kuanza popote kabla ya tarehe 1 Oktoba.

5. Kabidhi kila kitu mbele ya macho. Hapa ndipo uaminifu wa mwaka mzima hupotea kwa uzembe wa saa moja. Hesabu magunia ya ndengu na mahindi pamoja na mwenye mali, moja moja, na lililofunguliwa lipimwe kwa gorogoro. Daftari la madeni lisomwe jina kwa jina, naye akiri kwamba ameliona deni la kila mteja. Floti ya M-Pesa na fedha taslimu ziandikwe kando kando, simu ya duka irudishwe, na namba ya siri ibadilishwe wewe ukiwapo. Kisha mtie sahihi nyote wawili. Gunia likipungua Novemba, karatasi hiyo itakusemea ilhali wewe hupo.

Usiitumie barua ya kazi mpya kumtisha mwajiri akuongeze mshahara, kama hukukusudia kubaki. Akikuongeza kisha ukaondoka, umempotezea fedha na imani. Lakini akikuongeza kwa hiari yake, nawe kweli ulitaka kubaki, hakuna ubaya kuipokea nyongeza, mradi iandikwe, na mradi uwajulishe wale waliokuita siku ile ile ili wamtafute mwingine.

## Mashaka yanayoletwa mara kwa mara

*"Kazi mpya haiwezi kuningoja siku 28."* Waombe kwanza; wengi hungoja, kwa kuwa wao wenyewe hawapendi kuachwa ghafla. Wakikataa, sheria huruhusu kulipa badala ya notisi: unamlipa mwajiri ujira wa siku ambazo hukuzitumikia. Kwa mtu wa Sh15,000 hiyo yaweza kuwa karibu mshahara mzima, basi uitie katika hesabu yako, au uwaombe hao wenye haraka wailipe. Njia iliyo bora ni kumwomba mwajiri wa sasa akupunguzie siku, umletee mtu wa kushika nafasi yako na kumfundisha kwa juma moja.

*"Nikitoa notisi atanifukuza papo hapo."* Huenda akafanya hivyo. Lakini mwajiri anayepokea notisi yako kisha akakwambia usirudi kesho, hupasa kukulipa siku za notisi zilizobaki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ndiyo maana barua yenye sahihi ya kupokewa ina thamani: bila hiyo atasema ulitoroka.

*"Yeye angenifukuza bila notisi, kwa nini nimpe mimi?"* Maumivu yaliyo nyuma ya swali hili nayajua, na mara nyingi ni ya haki. Hata hivyo kutokwenda kazini bila ruhusa ni sababu ambayo sheria humpa mwajiri ya kumfukuza mtu mara moja, na jina lako huandikwa hivyo. Mpe notisi kwa maslahi yako, hata kama yeye haistahili.

*"Kazi ninayoiacha inanidhulumu."* Aliyepigwa, aliyetongozwa kwa vitisho, au asiyelipwa miezi miwili, hana haja ya kungoja barua kutoka kwingine. Huyo aende ofisi ya kazi ya kaunti akamweleze afisa wa kazi, na usalama wake utangulie hesabu yoyote niliyoiandika hapa.

## Usiondoke mikono mitupu

Siku ya mwisho ina haki zake, na wengi huziacha mezani kwa sababu wanaona haya kudai ilhali wao ndio waliotaka kuondoka. Kuondoka kwa hiari hakuzifuti.

- Ujira wa kila siku uliyoifanyia kazi, hadi siku ya mwisho.
- Ikiwa umetumika miezi 2 mfululizo au zaidi, likizo yenye malipo ya siku 1.75 kwa kila mwezi uliotimia, na zile ambazo hukuzichukua zilipwe. Kwa miezi sita ni siku 10 na nusu.
- Cheti cha utumishi, ikiwa umefanya kazi majuma 4 mfululizo au zaidi. Kinataja jina la mwajiri na lako, kazi uliyoifanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mwajiri halazimiki kukusifu ndani yake, lakini halazimiki pia kukupenda ili akupe.
- Uhakika kwamba NSSF na SHIF zilizokatwa kwako zimefika. Ziangalie ungali hapo. Ukiwa mbali ni taabu kufuatilia.

Likikosekana mojawapo, dai kwanza kwa mdomo, kisha kwa barua, kisha kwa afisa wa kazi, na ujue kwamba madai ya ajira yana muda wa miaka 3, baada ya hapo mahakama haiyasikilizi.

Na wewe uliyepigiwa simu jana usiku na ambaye hujaonyeshwa barua, usimwambie mtu kazini leo, wala usirudishe ufunguo. Fungua duka kama kawaida, kisha wapigie uwaombe barua. Ikija, ihesabu kwa kalamu, na siku utakayoikubali ndiyo siku ya kumwendea mwajiri wako na notisi mkononi.